Mvua Iliyoua Lambo

Mji wetu umekaa kati ya mawe na mbuga. Upande wa mashariki kuna kilima cha mawe makubwa ya kijivu yaliyopandana, ambako watoto hupanda kuwinda pimbi. Upande wa magharibi ardhi inateremka polepole hadi mbugani, kwenye ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka mpaka mguu wa ndama unazama kwenye ufa, na masika hunata kama gundi. Katikati inapita barabara ya vumbi inayotoka Kahama kuelekea Geita, na kando ya barabara ndipo tulipo sisi: maduka, msikiti mmoja, makanisa ambayo sijawahi kuyahesabu, shule ya msingi ninayofundisha, na uwanja wa mnada. Mpita njia akilala kidogo kwenye basi anaweza kutupita bila kujua kwamba pana mji.

Marehemu babu yangu alisema zamani hapakuwa na kitu hapa. Waswagaji waliokuwa wakipeleka ng'ombe Shinyanga kwenye reli walilala chini ya kilima usiku mmoja, wakaondoka na mifugo yao ikiwa na kiu. Ndipo watu wa vijiji vya karibu walipoambiwa wachimbe lambo. Wanaume walichimba kwa majembe, wanawake wakabeba udongo kwa vikapu, na maksai wakapitishwa juu ya tuta, huku na huku, mpaka udongo ukashikana. Babu alikuwa kijana wakati huo. Hadi anazeeka alikuwa akilizungumzia lambo lile kama mtu anayemzungumzia mtoto wake wa kwanza.

Maji yakaleta ng'ombe, ng'ombe wakaleta wanunuzi, na wanunuzi walihitaji chai, sukari na mahali pa kulala. Hivyo ndivyo mji ulivyozaliwa. Kila Alhamisi palikuwa na gulio. Wakaja watu wa pamba, wakajenga kiwanda cha kuchambulia ambacho sasa ni kuta tu na mbuzi ndani yake. Baadaye, nikiwa shule ya msingi, mtu mmoja aliyekuwa akichimba choo nyuma ya kilima alikuta jiwe linalong'aa, na kabla ya mwezi kuisha tulikuwa na wageni wengi kuliko wenyeji. Walitoka Mara, Tabora, Mbeya, Tanga. Walilala kwenye maturubai. Makarasha ya kusagia mawe yalinguruma kutwa, na kwa mara ya kwanza mimi, mtoto niliyezungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili darasani tu, nilianza kusikia Kiswahili mpaka kisimani.

Mume wangu alikuja na wimbi hilo, ingawa miaka mingi baadaye. Alitoka Kigoma. Alichimba, hakupata, akaajiriwa kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu uliojengwa kwenye mteremko wa kilima. Baba hakumpenda mwanzoni. Mwanamume asiye na ng'ombe hata mmoja, kwa baba, alikuwa sawa na mtu anayepita tu. Lakini mume wangu alikuwa na adabu na subira. Kila Jumapili alikwenda kwa wakwe zake, akachuchumaa mbali kidogo kama inavyotakiwa, akasema shikamoo, akauliza habari za mifugo, ng'ombe kwa ng'ombe, mpaka baba akajikuta anamjibu kwa kirefu. Watoto wetu walipozaliwa, baba alikwisha kuwa anamwita mwanangu.

Kilichowatenganisha ni ule mtambo.

Mtambo ule ulitumia sayanaidi kutoa dhahabu kwenye udongo uliokwisha kusagwa. Udongo ukishatoa kilichomo, tope lake hubaki na sumu, nalo humwagwa kwenye bwawa lililozungushiwa ukuta wa udongo. Wenyewe huliita bwawa la topesumu. Bwawa hilo lilikuwa juu. Lambo letu lilikuwa chini. Hakuna aliyehitaji kusoma ili aone hatari, na baba hakusoma.

Mwaka ninaousimulia mvua za vuli zilidondoka kidogo tu, zikakatika. Mahindi yalichomoza, yakasimama kama yanayofikiri, yakakauka. Mama yangu, ambaye huuza michembe na choroko gulioni, aliacha kuuza akaanza kuficha, kwa sababu viazi vile vilivyokaushwa ndivyo tulivyokuwa tunakula. Lambo lilirudi nyuma siku hadi siku, likaacha pete za tope lililokauka, moja ndani ya nyingine. Ng'ombe waliingia katikati kabisa kutafuta maji, wakatoka na matope hadi tumboni.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Baba, ambaye si mtu wa kusema mikutanoni, alisimama.

"Lambo sasa ni dogo kama sahani," alisema. "Kikiingia kitu kidogo tu, tumekwisha. Mimi naomba yale matope ya huko juu yaondolewe kabla ya mvua."

Mwenye mtambo alikuwapo, mtu mpole aliyevaa kofia ya kufuma, na badala ya kujibu mwenyewe alimwonyesha mume wangu kwa mkono. Mume wangu alikuwa msimamizi wa zamu. Alisimama, nikaona anavyotafuta mahali pa kuweka macho.

"Ukuta tumeuongezea udongo," alisema. "Ninauona kila siku. Uko imara, wazee wangu."

Aliamini alichosema, nina hakika. Lakini pia tulikuwa na watoto watatu, na mshahara wangu ulikuwa unalisha nyumba mbili, yetu na ya wazazi wangu. Baba alimtazama kwa muda, akakaa chini. Tangu siku hiyo, mume wangu akisema "Shikamoo, baba," baba alikohoa tu. Jumapili moja, mbili, kisha mume wangu akaacha kwenda.

Mvua ilikuja ghafla, kama mgeni aliyekwisha kukatiwa tamaa. Ilianza jioni ya Ijumaa kwa upepo na vumbi, kisha matone makubwa juu ya mabati, kisha kelele moja isiyokuwa na mapengo. Watu walitoka nje na ndoo, na masufuria, na mabeseni. Jirani yangu, mjane mzee anayeishi na wajukuu, alisimama uani akiwa amelowa chapachapa, anacheka na kulia. Niliwatoa watoto wangu nje wakaoge. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile tena.

Asubuhi mume wangu aliondoka mapema kwenda zamu. Mimi nilikwenda kwa mama, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, ili tukachote maji lamboni pamoja. Nilimkuta baba anafungua zizi, tukaamkiana na kujuliana hali kwa Kisukuma, yeye akiniita mayu, yaani mama, kama wazee wanavyowaita binti zao.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Alikuwa ametabasamu. Ng'ombe walikuwa wamekonda mpaka unaona mbavu zikisogea, lakini masikio yalikuwa juu, kwa sababu walikuwa wamesikia harufu. Anayejua ng'ombe anajua kwamba mfugo uliokaa na kiu ukisikia harufu ya maji hauchungwi tena, unafuatwa tu. Walitoka zizini wakitembea, na tulipofika kwenye mti wa mkwaju wa kwanza walikuwa wanakimbia. Baba alicheka, akakimbia nyuma yao na fimbo begani. Mama na mimi tulifuata na ndoo zetu.

Tuliona lambo kwa mbali, limejaa. Halafu nikamwona mtu anashuka mteremko wa kilima, anaanguka, anainuka, anapunga mikono yote miwili. Nilimtambua kwa kukimbia kwake. Alikuwa mume wangu, miguu mitupu, buti zake sijui alizivulia wapi.

"Baba! Warudishe! Baba, usinyweshe! Ukuta umekatika!"

Baba alisimama. Kwa pumzi moja tu alisimama, akamtazama yule mtu ambaye hakuwa anasema naye, na nikaogopa kwamba angekohoa. Badala yake alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, akawakimbilia ng'ombe wake.

Nimewaza sana juu ya yale yaliyofuata na bado siwezi kuyapanga vizuri. Wanaume wawili walikuwa ndani ya matope wakiwapiga ng'ombe usoni. Baba, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumpiga ng'ombe usoni, aliwapiga puani, machoni, kwenye pembe, fimbo ikavunjika, akaendelea kwa ngumi. Mume wangu alikuwa amemkumbatia fahali shingoni akimvuta nyuma, na fahali anamburuta kama nguo. Mama alitupa ndoo akakimbilia kwa ndama waliokuwa wamebaki nyuma, akawa anawafukuza kwa khanga yake, anapiga mayowe ya hofu ili warudi nyumbani. Mimi nilikwenda kumsaidia. Wale tuliowarudisha ni wale waliokuwa dhaifu, waliochelewa kufika. Wenye nguvu walikuwa wamekwisha kunywa.

Maji hayakuwa na rangi yoyote ya ajabu. Yalikuwa ya kahawia kama maji yote ya mvua.

Ng'ombe wa kwanza alitoka ukingoni akitembea vizuri, akasimama, akatetemeka miguu ya nyuma, akaanguka ubavu. Kisha mwingine. Hawakupiga kelele nyingi. Walihema kwa nguvu, midomo wazi, kama waliokimbia mbali. Kabla jua halijapanda sana, kundi lote lililokunywa lilikuwa chini, na la mfugaji mmoja jirani wa baba pia, ambaye alikuwa ameingia kwa upande wa pili kabla hatujamwona. Baba alikaa chini katikati yao. Alikuwa ameweka mkono juu ya jike mmoja mweupe na akawa anampapasa sikio, hata baada ya kuwa hakuna wa kupapaswa.

Mume wangu alisimama kando yake, mikono inamtoka damu. "Baba," alisema. "Mimi nilisema uko imara."

Baba hakuinua kichwa. "Kaa," alimwambia.

Akakaa.

Tulidhani huo ndio mwisho wa siku. Haukuwa. Habari ilifika madukani, na kabla ya saa sita watu walianza kuja na visu na mabeseni. Ulikuwa mwaka wa njaa. Hapo palikuwa na nyama imelala ardhini, nyama ambayo wengi hawakuionja tangu kiangazi kianze. Baba aliinuka. Yeye na mume wangu na yule jirani waliyepata naye msiba mmoja walisimama kuizuia mizoga ya mifugo yao wenyewe.

"Ni sumu," mume wangu aliwaambia. "Nawaomba. Ni sumu, nafanya nayo kazi, naijua."

"Mbona juzi mkutanoni hukuijua?" mtu mmoja alimjibu.

Yule mjane jirani yangu, aliyekuwa akicheka mvuani jana yake, alikuja mbele na beseni la plastiki. Wajukuu wake walikuwa nyuma yake. Alimtazama baba, si mume wangu.

"Kaka," alisema, "tuache basi tufe tumeshiba."

Sijui jinsi ya kuandika uso wa baba wakati ule. Alimshika yule mama mabega, kwa upole, akamgeuza kuelekea nyumbani, na mama yangu akaondoka naye. Baadaye nilijua kwamba mama alikwenda kumpa nusu ya michembe aliyokuwa ameificha. Bwana mifugo alikuja alasiri kwa pikipiki, akapima, akapiga simu. Likaletwa greda, likachimba shimo mbugani kwenye udongo uliolowa, na mizoga ikasukumwa humo ikamwagiwa chokaa. Baba alisimama pale mpaka udongo wa mwisho. Hakuna aliyekula, nashukuru kwa hilo. Mbwa kadhaa walikufa.

Mji usio na maji haudumu. Lambo lilizungushiwa miba na kibao chenye fuvu. Tulianza kwenda mbali, kwenye mto uliokauka upande wa kusini, tukafukua mchanga na kusubiri maji yachuruzike ndani ya kata. Nilitoka alfajiri, nikarudi nimechelewa darasani, na darasani nikawakuta watoto wamelala juu ya madawati. Alhamisi iliyofuata hakuna mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuja. Ya pili yake, hata wauza nguo hawakuja. Wauza dagaa kutoka Chato walipita na gari lao bila kupunguza mwendo. Mwenye mtambo alikuwa ameondoka siku ile ile ng'ombe walipokufa, kwa njia ya nyuma, na simu yake ikawa haipatikani. Matangi yake bado yapo pale.

Watu walikuwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia alikuwa amebaki mmoja. Jumatatu moja mchana nilirudi kutoka shuleni nikakuta kundi la vijana na wanaume wazima mbele ya nyumba yangu. Wengine nilikuwa nimewafundisha. Mume wangu alikuwa ndani na watoto, mlango umefungwa kwa komeo. Mtu alikuwa ameshika jiwe. Nilijipenyeza katikati yao nikiwa nasema maneno ambayo hayakuwa na maana, naomba tu, naita kila mtu baba, kaka, mwanangu.

Ndipo baba alipotokea barabarani. Alitembea taratibu, akapita kati ya watu bila kumgusa mtu, wakamwachia nafasi. Alipanda barazani kwangu, akaketi kwenye kigoda mbele ya mlango, akanyoosha miguu yake.

"Mmekuja kwa ajili ya ng'ombe?" aliuliza.

Yule mwenye jiwe alilihamishia mkono wa pili.

"Waliokufa wengi ni wangu. Kama kuna mtu wa kumpiga huyu, ni mimi. Nami nimekuja kula kwake." Kisha akaniita. "Mayu, una uji?"

Sikuwa na unga. Nilichemsha maji nikayakoroga na chumvi, nikamletea kwenye bakuli. Alikunywa kidogo kidogo, macho yake kwa wale watu, kama anayekunywa uji mzito kabisa. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Yule mwenye jiwe aliliweka chini ya mwarobaini wangu, kwa adabu, kana kwamba alikuwa ameliazima.

Wiki ile baba aliamua kuhama. Wasukuma wengi walikwisha kuhamia Katavi na Rukwa, ambako ndugu wa mama walisema majani yapo. Alikuwa na wale ng'ombe dhaifu waliobaki na ndama waliookolewa na mama. Mama alikataa kuondoka mara moja, kwa sababu ya wajukuu. Baba akamwambia mume wangu, mbele yangu, "Mwanangu, mimi peke yangu siwezi kuwaswaga. Twende."

Mume wangu, mtu wa Kigoma, mtu wa mitambo, hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Aliingia ndani akafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti uliokuwa wa mbolea. Nilimfuata chumbani.

"Utarudi?"

"Nikibaki hapa siwezi kumtazama mtu," alisema. "Wewe unaweza kunitazama?"

Nilimtazama. Ni kitu pekee nilichoweza kumpa. Waliondoka kwa miguu, yule mzee mbele na mume wangu nyuma akishika fimbo kama mtu anayeshika ufagio.

Nilibaki na watoto watatu, mama, na mji unaokufa. Kuna miezi ambayo sikumbuki chochote isipokuwa ndoo. Mtoto wangu wa mwisho alipata homa ya matumbo kutokana na maji ya mchangani, akakonda mpaka nikamfunga mgongoni kama kichanga, na kwenye zahanati mganga aliniambia nimpe maji mengi yaliyo safi. Nilicheka mbele yake. Aliinamisha uso, kwa sababu na yeye alikuwa anachota kule kule. Usiku nilimlaumu Mungu kwa Kisukuma, kwa kuwa sijui kulaumu kwa lugha nyingine. Mtoto alipona, sijui kwa nini yeye. Mjukuu mmoja wa yule mjane hakupona.

Likizo ya mwaka uliofuata nilisafiri kuwafuata, basi baada ya basi, kisha pikipiki. Nilimkuta baba amekuwa mdogo, macho yamepata ukungu. Mume wangu alikuwa amekuwa mweusi kwa jua na anawaita ng'ombe kwa miluzi ya Kisukuma. Nilikuwa nimekwenda kuwarudisha wote wawili.

"Lambo limepimwa," nilimwambia baba. "Wamesema maji yamekuwa salama."

"Na wewe unayanywa?"

Niliikunja upya khanga yangu.

"Na gulio?"

"Limehamia njia panda, kwenye lami."

Alichora ardhi kwa kidole. "Baba yangu alichimba lile lambo," alisema. "Mimi nikirudi pale nitakuwa naangalia nini, mayu? Mchukue mumeo. Uniletee mama yako."

Ndivyo tulivyofanya. Mama alifunga vyungu vyake na kuondoka mwezi wa sita, akilia mpaka basi lilipokata kona, na hatujaonana tena tangu siku hiyo, ingawa husema nami kwenye simu akipanda mahali penye mtandao. Baba haoni kabisa sasa. Mume wangu hupata vibarua Kahama, hurudi kila mwisho wa wiki. Watu wanamsalimu, wengine. Zamani darasa langu lilikuwa halina nafasi ya kupita, leo nina madawati matupu nyuma, na wazazi wanaendelea kuja kuomba uhamisho wa watoto wao. Ninajaza fomu, ninatia sahihi, ninawatakia safari njema. Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliniuliza kama na mimi nimeomba kuhamishwa. Nilimwambia bado. Kisha nikachukua chaki, nikarudi darasani kwa wale waliobaki.